Risasi Mia Mbili na Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Leo, saa nne na robo asubuhi, nimegundua kwamba mimi ni bingwa wa vita.

Sikujua. Miaka kumi na mmoja nimekaa chumba namba 14 cha taasisi hii nikipiga hesabu za viini vya atomu, yaani kile kijipande cha katikati kabisa ya atomu ambacho hakionekani kwa macho, wala kwa hadubini, wala kwenye bajeti. Kiini ninachokipenda kuliko vyote ni cha risasi. Risasi madini, ile nzito ya kijivu inayotiwa kwenye betri za magari. Kiini chake kimetulia, hakina makuu, hakivunjiki ovyo. Nimekiandikia makala kumi na sita. Waliozisoma tunafahamiana wote.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31 mwezi huu. Mke wangu hajui. Nilipanga kumwambia Januari, nikaona mwaka ndio kwanza unaanza. Nikapanga Februari, ukawa mfupi.

Basi Mkurugenzi mpya kaniita. Huyu katoka kwenye utawala, fizikia haijui, anapenda majedwali. Akaniambia shirika moja la misaada linataka modeli ya hesabu ya uchumi wa vita. Modeli iwaonyeshe ni soko lipi la mpakani litaendelea kufunguliwa na lipi litafungwa na watu wenye bunduki, ili wajue pa kuweka maghala ya nafaka na zahanati. Kazi ya miaka mitatu. Yeye akaagiza maktaba itafute kwenye kompyuta nani hapa kwetu ameandika zaidi mambo ya vita. Maneno waliyotafuta ni risasi, mgongano, mlipuko na mgawanyiko. Jedwali akaliweka mezani. Mimi, risasi mia mbili na kumi na mbili. Anayenifuata, tisa.

Akasema haelewi kwa nini mtu kama mimi amefichwa chumba cha jirani na choo muda wote huu. Nikasema hata mimi nimekuwa nikijiuliza.

Je, nilipaswa kumweleza kwamba risasi yangu haijawahi kutoka kwenye bunduki? Labda. Lakini hakuuliza risasi ipi.

Jumanne, 5 Machi

Mwenye risasi tisa amekuja kugonga mlango wangu. Ni Bibi Bei. Jina hilo wamempa watu wa korido yetu, na wala halimkeri. Ni mchumi wa vita wa kweli: miaka minane kazunguka masoko ya miji yenye mapigano na daftari mkononi, anauliza bei ya chumvi. Hata chai hanywi kabla hajauliza sukari imepatikana wapi. Pia ndiye mwenye kiti pekee chenye magurudumu katika ghorofa yetu. Mimi nakalia kiti cha mbao kilichotoka chumba cha mitihani, na mgongoni bado kina namba ya mtahiniwa.

Alitaka kujua nimefanya utafiti wangu wa vita uwanja gani. Nikasema uwanja wa sumaku. Akanitazama sana. Akasema yeye risasi huzitaja mara chache kwa sababu ndizo hufika mwisho; zikishasikika, soko lilikuwa limeshasema zamani. Nikamwambia kwa upole kwamba tisa ni namba nzuri ya kuanzia.

Kamati itakaa Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 14. Kila mmoja achague soko moja, atabiri, kamati ione nani kapatia. Atakayeshinda anapewa mradi na miaka mitatu. Atakayeshindwa, kwa upande wangu, anapewa kadibodi ya kubebea vitabu.

Mbinu ninayo tayari. Kompyuta ina amri ya kutafuta neno na kulibadilisha kila lilipo. Nimechukua makala yangu ndefu kuliko zote, kurasa arobaini. Kila penye "kiini" nimeweka "nchi". Kila penye "chembe" nimeweka "mpiganaji". Kila penye "nishati" nimeweka "mtaji". Risasi nimeiacha ilivyo, inajitosheleza.

Dakika tatu. Watu wengine wanakaa sokoni miaka minane.

Ngeli zimeyumba kidogo. Panasomeka "nchi kimoja kikipigwa na mpiganaji nyepesi hugawanyika vipande viwili na kutoa joto". Nimenyoosha kurasa mbili za mwanzo, nikachoka. Ila nilipoisoma sentensi hiyo tena nilisisimka mwili. Nchi ikipigwa na mpiganaji mwepesi hugawanyika vipande viwili na kutoa joto. Ni kweli kabisa! Miaka yote nimekuwa nikiandika habari za vita bila kujijua.

Jumatano, 6 Machi

Jana jioni nilimpelekea Mkurugenzi kurasa zangu.

Leo kaniita akiwa nazo mkononi. Ukurasa wa tatu kaupigia mstari. Nimeandika, kasema, "nawahakikishia wasomaji kwamba haya si nchimacho". Akataka kujua nchimacho ni nini.

Nilikodoa macho kwenye karatasi mpaka nikakumbuka. Kwenye makala ya zamani nilikuwa nimeandika "haya si kiinimacho", maana kuna mtu alishawahi kuziita hesabu zangu mazingaombwe. Kompyuta, kwa utiifu wake, ilikiona kiini ndani ya kiinimacho ikaweka nchi.

Kabla sijajibu, Mkurugenzi akasema wasiwasi wake ni mmoja. Kama haya si nchimacho, kwa nini tumeiacha nje? Taasisi nyingine zisije zikatutangulia.

Nikasema nchimacho ni dhana nzito, nilikuwa naitunza kwa ajili ya awamu ya pili. Akasema aelezwe kidogo tu. Nikakumbuka fizikia ya kwanta: chembe huwezi kuitazama bila kuisumbua, ukiitazama inabadilika. Nikasema nchimacho ni nchi inayobadilika pale inapotazamwa. Wakija wageni kuitazama imetulia, wakigeuza shingo inafanya mambo mengine.

Mkurugenzi akapiga meza kwa kiganja. Akasema hilo amelishuhudia mwenyewe kwenye ziara zake zote. Anataka sura nzima ya nchimacho ifikapo Jumatatu.

Nimetoka pale natembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechagua soko la kutabiri. Ni mji wa mpakani anakoishi dada yangu. Sababu ya kisayansi ni kwamba ndio mji pekee wa mpakani ambao nina uhakika naweza kuuonyesha kwenye ramani.

Dada ni mkubwa wangu kwa miaka tisa. Alinilea tangu mama alipofariki, alinilipia shule kwa kuuza viatu, na mpaka leo ana duka la viatu kwenye barabara kuu ya mji ule. Hajawahi kuelewa ninafanya kazi gani. Watu huwaambia ninatengeneza betri.

Modeli imetoa jibu safi. Mji ule umetulia mno, kama kiini cha risasi. Kuna vilima upande wa mpaka, na kwenye mlinganyo wangu vilima ni kizuizi ambacho wapiganaji hawana mtaji wa kukivuka. Nusu-maisha ya amani yake ni miaka arobaini na mmoja. Yaani ipite miaka arobaini na mmoja ndipo uwezekano wa kuvunjika ufike nusu.

Mchana Dada akapiga simu. Habari zake ni zilezile za dukani. Kasema wamekuja wanaume asiowajua, wamenunua mabuti yote ya mpira ya namba kubwa. Kiangazi hiki, mvua haijanukia. Na hawakubishana bei. Hilo ndilo lililomtia hofu, kasema. Miaka ishirini na sita dukani hajaona mtu mwenye nia njema akinunua jozi arobaini bila kuomba apunguziwe. Duka la jirani betri za tochi zimekwisha. Chumvi imepanda mara mbili. Anauliza afunge duka aje kwetu, au asubiri?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimepiga hesabu, miaka arobaini na mmoja. Kisha akauliza hiyo miaka inaanza kuhesabiwa lini, maana yeye anataka kujua habari za wiki ijayo tu.

Nilimweleza kwamba mabuti hayamo kwenye mlinganyo. Akasema basi yatie. Dada yangu ni mtu mwema lakini sayansi hakusoma.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi na hawezi kupita karibu na karatasi bila kuisahihisha. Nimerudi kutoka kinyozi nikakuta modeli yangu iko mezani ina wino mwekundu. Ukurasa wa kumi na saba kazungushia duara, kaandika: "Alama ya kutoa iko wapi?" Ukurasa wa ishirini kaandika: "Onyesha njia." Mwishoni kaandika: "Watu wako wapi?"

Nilimweleza kwamba alama ya kutoa, katika kiwango changu, ni suala la mtindo. Kuhusu watu nikasema wamejumlishwa kwenye mtaji. Akasema wifi yake kampigia pia, habari za mabuti, na yeye kamwambia njoo leo hii. Nikamwomba sana asimtishe mtu kwa mambo ya kusikia.

Ukweli, naandika hapa tu, ni kwamba Dada akihama kabla ya Alhamisi nitaumbuka. Nitasimamaje mbele ya kamati niseme mji umetulia miaka arobaini na mmoja wakati dada yangu wa tumbo moja kakaa sebuleni kwangu na magunia ya viatu?

Mke wangu kaniuliza pia kwa nini nafanya kazi Jumamosi. Nikasema napenda kazi yangu. Kanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumatatu, 11 Machi

Sura ya nchimacho imekwisha. Kurasa kumi na tisa. Mkurugenzi kasoma mbili, kaomba ruhusa ya kuitumia kwenye hotuba.

Saa ya chai nikawachangamsha watu kwa kisa cha Dada na mabuti. Nikaigiza sauti yake kabisa: "Basi yatie." Walicheka, isipokuwa Bibi Bei. Yeye aliweka kikombe chini. Akauliza namba gani. Nikasema namba gani ya nini. Ya mabuti, kasema. Nikasema kubwa, arobaini na mbili kwenda juu. Akauliza walilipa kwa noti mpya au kuukuu. Nikasema sijui na wala sijali. Akaomba namba ya simu ya Dada.

Hapo ndipo niliona upenyo. Nikasema namba ya ndugu si kitu cha kugawa ovyo. Akauliza nataka nini. Nikatazama kiti chake chenye magurudumu. Hakubishana hata kidogo, na alikisukuma mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

Maskini, ana hali mbaya ya utabiri kama anategemea wauza viatu. Nilimwonea huruma, lakini kiti nikakichukua.

Jumanne, 12 Machi

Kiti kina magurudumu matano, mazima matatu. Ukiegemea kushoto kinakwenda dirishani chenyewe. Nimezoea kuegemea kulia.

Dada kapiga saa sita. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Kasema wanawake wa mtaani wameacha kununua kitu chochote kizito. Wanauza mbuzi kwa bei ya kuku. Kasema kuna mama mmoja kutoka kwangu kazini kampigia jana, wameongea saa nzima, ni mtu mwenye akili sana, kamuuliza mpaka rangi ya kamba za viatu. Kisha akasema anataka kusikia kwangu mimi, mdogo wake, niliyesomeshwa. Akae au aondoke?

Nilitazama kalenda. Alhamisi ni kesho kutwa.

Nikasema akae. Nikasema afungue duka kama kawaida, Alhamisi ikipita afanye atakalo. Akauliza kwa hiyo mimi ndiye ninayesema akae? Nikasema ndiyo, mimi. Akasema amenisikia, akakata.

Nimekula chakula cha mchana bila hamu. Labda ni maharage.

Jumatano, 13 Machi

Simu ya Dada haipatikani. Nimepiga saa mbili, saa tatu, saa nne, kisha kila robo saa. Yule mama wa kwenye mtandao anasema nijaribu tena baadaye. Nimejaribu tena baadaye.

Nilifungua modeli kujifariji. Miaka arobaini na mmoja. Nikaitazama namba ile mpaka ikawa kama maandishi ya mtu mwingine. Ukurasa wa kumi na saba, pale penye duara jekundu. Nikajaribu kutia ile alama ya kutoa, nione tu. Miaka arobaini na mmoja ikawa siku nne. Nikaifuta haraka.

Naogopa. Siandiki kwa mapambo. Naogopa tangu asubuhi. Nimemwambia dada yangu akae. Aliponivalisha viatu vya kwanza vya shule alipiga magoti kwenye vumbi afunge kamba, na mimi nimemwambia akae.

Nilitaka kumuuliza Bibi Bei kama ana habari yoyote. Chumba chake kimefungwa. Mlangoni kabandika karatasi: "Niko kwenye simu."

Alhamisi, 14 Machi

Naandika jioni hii, kila kitu kwa mpangilio wake.

Kamati ilikuwa ya watu watano. Katikati alikaa mama wa shirika la misaada, mwenye miwani na simu mbili. Mkurugenzi alifungua kwa hotuba, akaitaja nchimacho mara sita, mara mbili kwa macho yaliyofumbwa. Nikawasilisha. Nilikwenda vizuri mpaka mwisho. Nikasema mji ule wa mpakani umetulia kama risasi.

Mama wa shirika akainua kichwa. Akauliza nimesema kama nini.

Kisha Bibi Bei akaomba kusoma kidogo tu kutoka kwenye maandishi yangu. Akafungua ukurasa wa thelathini na moja. Akasoma, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya ukoo: "Nchi kimoja kikihifadhiwa ndani ya sanduku la risasi kwa wiki mbili hakidhuru mtu yeyote." Akasema yeye si mwalimu wa lugha, lakini ngeli hazidanganyi, hajawahi kusikia nchi ikiitwa kimoja. Akawaomba wajumbe washike kalamu, na kila penye "nchi" warudishe neno "kiini", waone kama sentensi haitakaa sawa.

Wakarudisha. Zikakaa sawa zote.

Akasema sasa fungueni ukurasa wa tatu, mfanye hivyohivyo kwa nchimacho.

Kalamu zilikwaruza. Mjumbe wa kwanza akaangua kicheko, wa pili akafuata. Mkurugenzi alichelewa. Niliona midomo yake ikisoma silabi moja moja, kii, ni, ma, cho, kisha akakunja hotuba yake mara nne na kuitia mfukoni.

Nilikuwa nimeshaandaa jibu, lakini simu moja ya mama wa shirika ikalia. Akasikiliza. Akavua miwani. Akasema soko la mji ule limevamiwa alfajiri, barabara kuu imeungua. Akasema ghala na zahanati zilihamishwa jana, shukrani kwa Bibi Bei na mtu wake wa mabuti.

Sikusikia mengine. Barabara kuu ndiko liliko duka. Sikumbuki nilivyoteremka ngazi wala nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nilishindwa kuingiza ufunguo kwenye kitasa, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Alikuwa Dada. Kavaa mabuti ya mpira, kila mguu na namba yake. Nyuma yake sebule yote imejaa magunia ya viatu.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu shajara hii haisomwi na mtu. Nililia kwa sauti, mke wangu akaja na taulo la jikoni.

Dada kasema aliondoka Jumanne hiyohiyo, nusu saa baada ya kuongea na mimi. Kapakia gari la jirani, kapita vizuizi vitatu, kila kizuizi kaacha jozi mbili na simu kaiacha kwenye cha tatu. Nikamuuliza, mbona nilimwambia akae? Akasema ndiyo maana. Tangu utotoni mimi nikisema kushoto yeye huenda kulia, na mpaka leo hajapotea. Bibi Bei alikuwa amemwambia aondoke, mke wangu kamwambia aondoke, na bado moyo ulikuwa unasita kwa ajili ya duka. Niliposema akae ndipo alipopata uhakika.

Kisha akasema jambo jingine, huku anavua buti la kushoto. Mtaa ule wote walikuwa wanamtazama yeye. Duka la viatu likifungwa, watu wanajua. Alipoanza kupakia magunia, mafundi cherehani wakapakia, wauza mbuzi wakaswaga mbuzi wao, mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa njiani. Kama angenisikiliza, kasema, wangekaa.

Hakunilaumu. Alisema tu, kisha akaomba maji.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeamka na mawazo yaliyonyooka.

Tuutazame ukweli kwa utulivu. Modeli yangu ilisema akae, naye akaondoka, akapona. Kwa hiyo modeli ilifanya kazi. Kasoro ilikuwa alama moja tu ya kutoa, nayo niliitia Jumatano kwa muda wa sekunde thelathini, kumbukumbu za kompyuta zitathibitisha. Siku nne kutoka Ijumaa ni Jumanne, siku ile ile aliyoondoka. Karibu kabisa.

Na vile vizuizi vitatu! Katika fizikia ya kwanta chembe isiyo na nguvu ya kuvuka kizuizi wakati mwingine huonekana upande wa pili. Tunaita upenyaji. Dada kapenya mara tatu na magunia kumi na moja. Nilimweleza. Akasema hakupenya, alitoa viatu.

Mke wangu kaniuliza nitamwambia lini habari za mkataba. Kumbe barua ya kuisha kwake aliiona tangu Januari. Nilikuwa nimeitumia kushikia ukurasa kwenye kitabu chake cha kusahihishia. Kwa nini hakusema? Kasema alitaka kuona kama nitaonyesha njia.

Jumatatu, 25 Machi

Mradi kapewa Bibi Bei. Msaidizi wake wa kwanza kaajiriwa leo, mtaalamu wa bei za viatu na bidhaa za mpakani, miaka mitatu, na chumba.

Ni Dada. Chumba ni namba 14.

Aliniuliza wiki iliyopita kama aichukue kazi hiyo. Nilimshauri kwa moyo mweupe asiichukue, utafiti ni jambo gumu. Akanishukuru, akaenda kusaini.

Leo kafika na watu wawili wa mtaa wake waliohama naye, kuhesabu nani yuko wapi na anauza nini. Walikaa sakafuni, maana kiti cha magurudumu ndicho alichokalia yeye. Kaegemea kulia bila kuambiwa na mtu. Mimi nimepewa kona ya maktaba mpaka tarehe 31, na kadibodi.

Ijumaa, 29 Machi

Habari njema. Nimekuta tangazo ubaoni, nikalibandua wengine wasilione. Wizara inataka modeli ya hesabu ya ufugaji wa nyuki.

Nyuki na nyuklia. Hata mtoto anaona ukaribu.

Dada kasema nimpe maandishi ayasome kabla sijapeleka. Mke wangu kasema hivyohivyo, kalamu nyekundu mkononi. Nimewashukuru wote wawili. Safari hii sikurudia kosa la zamani la kuanzia kwenye viini. Nimechukua yale maandishi ya vita yenyewe niliyoyapeleka kwenye kamati, ambayo tayari yamekaa kijamii zaidi, nikaiambia kompyuta ibadilishe kila "nchi" iwe "mzinga", na kila "mpiganaji" awe "nyuki". Dakika mbili. Risasi nimeiacha.

Nimepeleka saa tano asubuhi. Nanakili hapa sentensi ya kwanza kwa kumbukumbu za baadaye: "Utafiti huu una lengo moja tu, nalo ni kuwaletea faraja wanamzinga wote."

Wanamzinga. Sikumbuki kuliandika neno hilo, lakini lina uzito. Wakiniuliza maana yake, ninayo tayari.